Bango la Mjomba

Wale wanaume watatu niliowaacha getini pa karakana yetu wiki iliyopita waliingia. Hawakubisha hodi.

Kama hukuwa nasi, nakuokota hapa hapa njiani. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma, hiyo ndiyo kazi yangu na mume wangu. Mtaani wananiita Cheche. Nyumbani mume wangu ananiita Mama Pacha, maana tuna mapacha wanaosoma shule ya msingi. Jina nililokuja nalo siku ya harusi hata mama mkwe amelisahau.

Siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa hasira, ukaiunguza mashine yetu ya kuchomelea. Tukawa tunafanya kazi kwa mashine ya kuazima. Benki walitaka hati ya nyumba, na sisi ni wapangaji. Ndipo jirani yangu wa duka la pili, msusi mmoja mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, aliponiambia kuna ruzuku.

"Siyo mkopo, Cheche. Unapewa. Hurudishi."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Serikali inipe mimi? Ya nini?

Lakini nilikwenda. Nilizungushwa dirisha hadi dirisha mpaka nikaelewa. Halmashauri ya mji ina fungu lake la karakana ndogo, la paa, sakafu na vifaa vya mkono. Serikali ya jimbo nayo ina fungu lake, nono zaidi, la mashine. Ila jimbo halitoi kitu mpaka afisa wa halmashauri aje aone kwa macho yake kwamba karakana ipo na watu wanafanya kazi. Kuomba ni bure. Huhitaji kumjua mtu. Nikaomba.

Hayo ni ya ofisini. Huku mtaani tulikuwa na Mjomba.

Mjomba wa kila mtu, na hakuna anayemjua dada yake. Shati jeupe lililonyooka kwa pasi, sauti ya kubembelezea mtoto. Ukiomba chochote serikalini, atakujia "mshirikiane". Alinijia. Nikamkatalia. Sasa alikuja asubuhi ile ile ya ukaguzi, na watu wawili nyuma yake. Mmoja mrefu kama nguzo, amebeba ngazi. Mwingine mfupi, mnene shingoni, amekumbatia kitu kikubwa kilichofungwa shuka.

Nilidhani ni silaha.

"Shikamoo, Mjomba," mume wangu alisema.

"Marahaba, mwanangu. Kazi zinakwendaje?"

"Tunasukuma."

Yule mfupi akafungua shuka. Lilikuwa bango. Rangi yake ilikuwa bado mbichi, imemchafua mikono. Liliandikwa: MJOMBA NA WENZAKE, MAFUNDI VYUMA.

"Hilo la nini?" nikauliza.

"La kutundika hapo juu. Ni la leo tu, Cheche. Afisa akija, mtasema ninyi ni vijana wangu wa kazi. Akiondoka tunalishusha, kila mtu anarudi kwenye shughuli zake."

"Na ombi letu?"

"Mtaomba mwaka ujao. Nitawasaidia mwenyewe."

Ndipo kichwa changu kilipofunguka. Mjomba hana karakana. Hajawahi kushika hata bisibisi. Aliomba ruzuku ya karakana ya hewani, na mahali pa kuonyesha iko wapi akataja kiwanja chetu. Sasa afisa anakuja, na kati yangu na yeye lazima mmoja aonekane mwongo.

"Mjomba," nikamwambia, "ngazi hiyo itoke ilikoingilia."

Alimtazama tu yule mrefu.

Yule mrefu akaiweka ngazi chini taratibu, kama mtu anayeweka sinia la chai. Akaokota kipande cha bomba, bomba letu wenyewe, akampiga nacho mume wangu ubavuni.

Mlio ule bado ninao masikioni. Mume wangu alikunjika. Kabla hajafika chini akapigwa la pili, mdomoni.

"Baba Pacha!"

Nilinyakua grenda ya kukatia vyuma mezani, nikaiwasha. Jiwe lake likaanza kuzunguka na kulia. Yule mrefu akarudi nyuma hatua kadhaa. Mtu anaweza kuwa jasiri mbele ya kisu, lakini grenda inayolia usoni pake inamkumbusha alikotoka.

"Sogea," nikamwambia. "Sogea nikukate kama geti."

Nilimsahau yule mfupi. Alinijia kwa nyuma, akanibana shingo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akachomoa waya wa grenda ukutani. Jiwe likapunguza kasi, likanyamaza. Pumzi yangu nayo ikaanza kupungua.

Sasa sikilizeni. Kabla hawajaingia nilikuwa nachomelea bawaba ya geti. Ilikuwa mezani, imeshikwa na koleo, bado ina moto wa kuunguza. Nilipapasa. Nikalipata koleo. Nikaibandika ile bawaba kwenye mkono uliokuwa shingoni mwangu na nikaiacha hapo.

Alipiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwa mwanamume. Harufu ilipanda mara moja. Sitaieleza. Mafundi wanaijua.

Aliniachia. Nikageuka, nikapokelewa na teke la yule mrefu tumboni. Nilirushwa nyuma, kisogo kikagonga jiriwa ya kubania vyuma, na karakana nzima ikaanza kuzunguka. Nilipofumbua macho nilikuwa sakafuni kati ya vipande vya nondo, damu ikinichuruzika shingoni, na yule mrefu yuko juu ya ngazi anagongelea bango. Kwa nyundo yangu!

Mjomba hakuwa ameguswa na vumbi. Alikuwa amechuchumaa karibu na mume wangu, anamnong'oneza sikioni. Niliona macho ya mume wangu yakibadilika.

Nje ikasikika pikipiki. Ikazimwa.

Afisa aliyeingia alikuwa binti mdogo tu, kofia ya pikipiki kwapani, viatu vimejaa vumbi. Aliona bango limetundikwa upande. Akaniona mimi sakafuni. Akamwona mume wangu anatema damu, na yule mfupi ameukumbatia mkono wake analia kimya kimya.

"Kuna nini hapa?"

"Ajali ya kazi, mwanangu," Mjomba akasema, sauti ile ile laini. "Vyuma hivi vina mambo."

Nikamshukuru Mungu moyoni. Serikali imefika, na imeona.

Afisa akamgeukia mume wangu. "Karakana hii ni ya nani?"

Nilifungua mdomo. Mume wangu akaniwahi.

"Ya Mjomba."

Nilidhani kisogo changu ndicho kimesikia vibaya. "Unasema nini wewe?"

"Nyamaza, Mama Pacha! Ni ya Mjomba. Sisi ni vibarua wake."

Tangu anioe hajawahi kunipandishia sauti. Lile teke la tumboni lilikuwa afadhali.

Afisa alinitazama kwa muda. Mimi nilimtazama mume wangu. Yeye alitazama sakafu. Binti yule akaandika alichoandika, akavaa kofia yake, akatoka.

Mjomba akachukua tambara letu, akafuta tone la damu kwenye kiatu chake. "Ahsanteni sana," akasema. Na kweli alimaanisha. Yule mfupi aliponipita alinitemea mate. "Mkono huu utaulipia."

Walipotoka nilimkamata mume wangu kola, majeruhi vile vile.

"Umeniuza!"

"Kuna mtu wake nyumbani," akasema. Meno mawili ya mbele hayakuwepo, maneno yalitoka na upepo. "Yuko na mama. Ameniambia nikimkana mbele ya afisa, atampigia simu. Na mtu huyo amefunga mlango kwa ndani."

Mama mkwe wangu. Mapacha walikuwa shule, yeye alikuwa peke yake.

Nilichukua nyundo, nikakimbia. Mume wangu alijaribu kunifuata, ubavu ukamkalisha chini.

Kwenye kona ya kwanza nilimkuta yule afisa, pikipiki inanguruma.

"Panda, dada."

"Nyumbani kwangu kuna mtu—"

"Panda kwanza. Utanielekeza."

Nikapanda, nyundo mkononi, damu shingoni. Njiani alizungumza kwa kupiga kelele ili nimsikie.

"Najua karakana siyo yake! Ila siwezi kuandika nisichoambiwa!"

"Sasa uliniacha pale kwa nini?"

"Mwenzangu aliyekuwa na kazi hii kabla yangu aliandika kwenye ripoti kuwa Mjomba ni mwongo! Leo anatembelea magongo! Dada, nisikilize. Kamati inakaa leo mchana ukumbini. Na watu wa jimbo watakuwepo. Mwombaji yeyote ana haki ya kusimama na kusema. Sema wewe, kwa mdomo wako, mbele yao. Mimi nitakupa nafasi."

"Kata kushoto," nikamwambia. Sikuwa na akili ya kamati wakati huo.

Tunakaa vyumba viwili kwenye nyumba ya kupanga yenye ua mmoja. Uani hapakuwa na mtu, nguo tu kwenye kamba. Mlango wetu ulikuwa umefungwa. Niliweka sikio. Kimya.

Niliupiga teke. Komeo letu ni la kwangu mwenyewe, nililichomelea mimi, na siku hiyo nilijilaani kwa kulifanya imara. Teke la tatu, fremu ikapasuka.

Mama mkwe alikuwa amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha, mchi wa kinu umelala mapajani mwake. Mbele yake kuna mwanamume amelala kifudifudi, kichwa kimezungushiwa kitambaa cheusi, macho tu ndiyo yaliyoachiwa nafasi. Kitambaa kilikuwa kimelowa.

"Nimempiga," mama akasema.

"Mama, umeumia?"

"Mimi sina kitu. Alikuja mara tu mlipotoka. Akafunga mlango, akakaa pale kwenye kigoda. Hakusema neno, mwanangu. Namuuliza wewe nani, kimya. Namuuliza unataka nini, ananionyesha kwa mkono nikae. Nikamwambia nataka maji ya kunywa. Akageuka kunichotea. Nikainua mchi."

"Umefanya vizuri, mama."

"Ananichotea maji, mimi namnyanyulia mchi. Nilijiuliza, jambazi gani huyu ana adabu?"

Afisa alikuwa amesimama mlangoni, hajavua hata kofia. Nilipiga magoti, nikamgeuza yule mtu. Alikuwa na pumzi, nyembamba, ya kukoroma. Nikaanza kukifungua kile kitambaa ili nimwone ni nani nimpeleke polisi.

Kilikuwa kimeganda. Nikakibandua pole pole. Ukatokea mdomo, ukatokea pua, na kovu dogo juu ya nyusi, alilolipata utotoni kwa kuanguka na baiskeli ya kaka yake.

Shemeji yangu. Mdogo wake mume wangu, kitinda mimba wa mama.

Hapa nasimama kidogo. Haya yanayofuata sikuwahi kuyasema popote. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyeniambia niyaandike. "Andika," alisema, "na mimi nimechoka kulibeba peke yangu."

Mama alitazama uso ule. Hakulia wala hakupiga kelele.

"Huyo siye," akasema.

"Mama..."

"Siye. Mfunike tena."

"Mama, ni yeye."

"Nimekwambia mfunike!"

Akaurusha ule mchi ukutani, ukavunja kioo. Kisha akajikokota kwa makalio mpaka pale alipolala mwanawe, akakiinua kile kichwa akakiweka mapajani, akaanza kukifuta kwa upande wa kanga yake, kama anamwogesha.

Shemeji akafumbua jicho moja.

"Shemeji," akaniita. Siyo mama yake. Mimi.

"Usiongee."

"Walitaka kumtuma yule mrefu. Nikasema... nitakwenda mimi. Afadhali mimi. Sikuweza kuongea. Mama angenijua."

"Wewe unafanya kazi kwa Mjomba?"

Alifumba jicho.

"Ni wewe uliyemwambia siku ya ukaguzi wetu? Ni wewe?"

Nilikuwa nimelikamata shati lake, namtikisa mtu aliyepasuka kichwa. Afisa ndiye aliyenivuta mkono.

"Dada, muache. Huyu anakwenda."

Nitasema ukweli, maana nimekuja hapa kusema ukweli. Sehemu ya moyo wangu ilitaka aende. Ilidumu kwa pumzi moja. Halafu nikakumbuka ni nani aliyenibebea mapacha wangu begani walipokuwa wagonjwa, mmoja kulia mmoja kushoto, gari limekosekana. Nikatoka uani nikapiga ukunga.

Watu wakajaa. Muuza mkaa wa nyumba ya nyuma akaleta gari lake la mizigo. Tukampakia shemeji juu ya magunia. Mama akapanda naye, kile kichwa hakukiachia hata kidogo. Mimi nikaweka mguu nipande, mama akanizuia.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Hospitali, mama."

"Kufanya nini? Wewe ni daktari? Nenda kwenye hiyo kamati yenu. Mjomba huyo akichukua na hiyo ruzuku, mwanangu atakuwa amepasuliwa kichwa bure."

Gari likaondoka. Sikuwa na muda wa kubadilisha nguo. Nikapanda pikipiki na ovaroli yangu, damu yangu shingoni, damu ya shemeji magotini.

Ukumbi wa halmashauri una viti vya plastiki na feni moja inayozunguka inapojisikia. Waombaji walikuwa wamejaa: washonaji, wauza samani, wakulima wa mboga, mafundi wa viatu. Mbele kulikuwa na meza ndefu ya kamati. Mwenyekiti alikuwa mzee wa miwani iliyofungwa kamba. Pembeni yake mwanamama wa jimbo, amekaa wima, kalamu mkononi.

Mjomba alikuwa mstari wa mbele. Aliponiona aligeuza shingo, akanitikisia kichwa kwa heshima.

"Mjomba na Wenzake," mwenyekiti akasoma. "Afisa, ulifika?"

"Nilifika. Niliambiwa karakana ni yake. Lakini kuna mwombaji mwingine wa kiwanja hicho hicho, na anataka kusema."

Nikasimama.

"Mimi ndiye Cheche. Karakana ile ni yangu na mume wangu. Leo asubuhi Mjomba ameleta bango na ngazi. Nilipokataa, wamemvunja mume wangu ubavu na meno. Wamenipiga mimi. Wakamweka mama mkwe wangu chini ya ulinzi ndani ya nyumba yake. Mume wangu amesema uongo kwa afisa kwa sababu mama yake alikuwa mikononi mwao. Bango hilo bado liko pale. Nendeni mkaliguse, rangi haijakauka!"

Ukumbi ukavuma. Yule mrefu, ambaye sikumwona amekaa wapi, akatokea pembeni akaniwahi kola.

"Mwendawazimu huyu, nje!"

Alinivuta mpaka vifungo vya ovaroli vikaruka. Nikamng'ata kidole gumba mpaka mfupa. Akainua ngumi. Haikushuka. Kiti cha plastiki kilimvunjikia mgongoni, na nyuma ya kiti alikuwa msusi jirani yangu, kifua kinapanda na kushuka.

"Hata duka langu lilivaa bango lako mwaka jana, Mjomba!" akapiga kelele. "Nilikaa kimya kwa sababu uliapa kuwachoma moto wateja wangu ndani! Nimechoka!"

Fundi viatu mmoja mzee akasimama. "Na kibanda changu."

Halafu vurugu. Watu walimwangukia yule mrefu kama mzigo. Nilisikia mkono wake ukivunjika, na sikusikitika. Mwenyekiti alipiga meza mpaka miwani ikamwanguka. Ilichukua muda watu kukaa, na baadhi yao walikaa juu ya yule mrefu.

Mwanamama wa jimbo hakuwa ameinuka kitini. Akamwuliza Mjomba, "Tukitoka hapa sasa hivi twende kwenye karakana yako, tutamkuta nani?"

Mjomba akasimama. Akanyoosha shati. Hakuwa na hata jasho.

"Nitajibu, mama. Ila kwanza mwulizeni mwombaji wenu: damu iliyo magotini mwake ni ya nani?"

Wote wakanitazama magoti. Mjomba ana masikio mtaa mzima, habari ilikuwa imeshamfikia.

Mlangoni walikuwa wamesimama polisi wawili. Sijui waliingia saa ngapi. Mkubwa wao akaja mpaka mbele.

"Tumepigiwa simu twende hospitali," akasema. "Kuna kijana ameletwa na gari la mkaa, kichwa kimepasuka. Madaktari wako naye, hajitambui. Kuna bibi aliyemleta, anatetemeka tu, hasemi. Tumeambiwa kijana huyo amepigiwa nyumbani kwako. Nani amempiga?"

"Alikuwa amevamia—" afisa akaanza.

"Sijakuuliza wewe, binti. Namwuliza mwenye nyumba."

Mwenyekiti alikuwa ameokota miwani yake, anaisafisha kwa tai. Akasema, siyo kwa ubaya, "Mama, kabla hujajibu, niwe mkweli kwako. Taratibu za ruzuku hii ziko wazi. Mwombaji mwenye kesi ya kujeruhi hapewi, mpaka kesi iishe."

Mjomba alitabasamu. Kanuni hiyo aliijua tangu mwanzo. Ruzuku ya jimbo, ya halmashauri, mashine mpya, vyote vilikuwa vinaning'inia kwenye neno langu moja. Ningesema, "Mama mkwe wangu," na neno hilo lingekuwa la kweli. Afisa alikuwa ananitikisia kichwa kwa nguvu: sema, sema ukweli.

Nilimwona mama pale sakafuni, anafuta. Huyo siye. Mfunike tena. Nikamwona anasimamishwa mbele ya hakimu, anaulizwa mbele za watu: ulimpiga mwanao kwa kitu gani, na mara ngapi?

"Ni mimi," nikasema.

"Sema kwa sauti."

"Ni mimi niliyempiga. Kwa mchi."

Msusi akapiga kelele, "Cheche!" Afisa akafunika uso. Mwanamama wa jimbo akaweka kalamu chini. Yule polisi akanishika mikono, akaniwekea pingu, na nilishangaa jinsi chuma kilivyokuwa cha baridi kwangu, mimi ninayekishika kila siku.

"Umempiga nani?"

Sauti ilitoka mlangoni, imejaa upepo kwenye meno. Mume wangu. Alikuwa ameegemea fremu, mkono mmoja umebana ubavu, shati limekauka damu. Alikuwa ametembea kutoka karakana mpaka pale. Alikuwa amenisikia nikikiri, lakini hakumsikia polisi kabla yangu. Hakujua chochote kuhusu aliyekuwa nyuma ya kile kitambaa.

"Mama Pacha. Nimekuuliza, umempiga nani?"

Mjomba aligeuka kumtazama. Kwa mara ya kwanza siku hiyo niliona anasubiri jambo kwa hamu.

Ningeweza kusema jambazi. Lakini angekwenda hospitali, angemwona.

"Mdogo wako," nikamwambia.

Halafu akaachia fremu ya mlango, akaanza kuja katikati ya viti, mkono wa kuume umeinuliwa, na katika miaka yote ya ndoa sikuwahi kuuona uso ule. Polisi alikuwa amenishika mikono nyuma. Sikuweza kujikinga, na sikujua kama mkono ule unakuja kunipiga au kunishika.

Mjomba akavuta kiti chake pembeni, akampisha njia.